Dakika Tano

Mwenyekiti, jina langu ni la saba kwenye orodha,
baada ya yule bwana wa kelele na vumbi.
Leona, binti Orest Ostapowich, wa Lipovka,
kule ambako barabara inakata kona
bila sababu yoyote
ila kulikwepa shimo.

Mmenipa dakika tano.
Shimo limepewa miaka thelathini na mitatu.

Sikuja kulia. Nimekuja na chupa.
Haya ni maji ya kisima chetu, ya Jumanne.
Itikiseni. Msiinywe.
Babu Vasyl alikichimba kwa sururu na matusi,
akayakuta maji futi ishirini na mbili, baridi ya kuuma meno.
Mwaka machimbo yalipofika kwenye mkondo wa chini
wakafunga pampu, usiku na mchana,
na kisima kikaanza kukohoa.
Ni chokaa tu, walituambia. Chokaa!

Nina karatasi pia, hii ya manjano:
"Udongo wa juu utatengwa, utatunzwa,
utarudishwa kwa unene ule ule."
Ule ule wa nani? Nani aliupima?
Udongo wa juu umelala kando kama ng'ombe aliyefia kundini,
umeota mbigili mgongoni,
na robo yake, theluji ilipoyeyuka mwaka juzi, iliuzwa
mfuko kwa mfuko kwa bustani za mjini.
Gudrun Thorlakson alinunua sita, apande mawaridi,
kisha akasoma kibandiko.
Akanipigia simu: Leona, nadhani nimenunua shamba lenu.

Chekeni. Mimi pia nilicheka.

Kampuni iliyotia saini ilikuwa na nembo ya dubu.
Ikauzwa kwa ile ya nembo ya mlima,
nayo ikamezwa na isiyo na nembo,
ina namba ya simu tu, inayonipigia muziki.
Nauliza nani atafukia; naambiwa, aliyechimba.
Namtafuta aliyechimba;
naambiwa, keshafukiwa.

Dhamana ni dola elfu nane.
Ziliwekwa mwaka niliomzaa Danylo.
Danylo amekua, ameota ndevu, ameoa, ameachwa,
dola bado ni elfu nane.
Nimeulizia: leo zinakupa mtu mmoja na buldoza
kwa siku nne, mvua isiponyesha.
Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Na usipoziba ekari arobaini?

Kwenye kingo ya kaskazini mbayuwayu wametoboa matundu,
mia na kitu, niliacha kuhesabu.
Mkaguzi wenu, Bwana Pelletier, kijana mwenye adabu,
alivua kofia akasema, sheria inawalinda hawa,
hakuna kugusa mpaka Agosti.
Nikamwambia, vyema.
Kumbe yupo anayelindwa.

Kengele nimeisikia. Hili ndilo la mwisho,
na ndilo nililokuwa nikilizungukia.
Aliyesaini ni baba yangu.
Mvua ya mawe ilikuwa imeilaza ngano yote,
benki inabisha hodi, na yule mtu wa dubu
alikuja na kalamu nzuri, akamwachia.
Ninayo hadi leo. Bado inaandika.
Kokoto zetu ziko chini ya barabara niliyopita kuja hapa,
chini ya shule, chini ya ukumbi huu, nadhani.
Mmezikalia.
Sisemi tusingechimba. Nasema mliahidi.
Hapana. Nasema tuliahidi.

Baba tulimzika Februari.
Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma,
wachimba kaburi wakakoka makaa usiku kucha kuilainisha.
Futi sita.
Na kabla chai haijapoa kule kanisani
walikuwa wamerudisha kila sepetu, wamesawazisha.
Mei majani yakaota.
Wanaume wawili, Mwenyekiti,
bila fomu, bila dhamana.

Ndiyo, najua. Nakaa.
Chupa naiacha hapo mezani.
Itazameni mpaka itulie.